Tezi dume na mazungumzo ya seli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, hapa Tabora. Ba'mdogo wangu analima tumbaku Urambo na alipokutwa na saratani ya tezi dume ukoo mzima ulinigeukia, mwalimu hiki kitu ni nini, mwalimu mbona wanataka kumkata, mwalimu si wewe ndo umesoma. Niliyokuwa nayo ya darasani hayakutosha kabisa, ikabidi nisome. Haya ndo maswali yanayonirudia kila siku, msibani, kwenye basi, hata getini shuleni. Sio daktari, kwa hiyo dozi na maamuzi ya mgonjwa wako ni ya daktari anayemwona, ila habari ya seli zinavyoongea naona kila familia inaihitaji mana sisi bila kuielewa tulikaribia kumkatalia mzee wetu matibabu.

Kwani tezi dume si ndo ugonjwa wenyewe?

Hapana. Ukisema "mzee fulani ana tezi dume" ni sawa na kusema ana ini, kila mwanaume anayo. Iko chini ya kibofu, mrija wa mkojo unapita katikati yake, na kwa kijana mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu. Magonjwa yake makubwa ni matatu: kuvimba kwa sababu ya maambukizi, kukua kwa sababu ya umri, na saratani. Ni vitu vitatu tofauti japo dalili zake za mkojo zinafanana sana na hapo ndo watu wanapotezana.

Seli zinaongeaje wakati hazina mdomo?

Ushawahi kulina asali? Anayejua nyuki anaelewa hili haraka kuliko mwanafunzi wangu wa kidato cha sita. Malkia haongei, anatoa harufu, ile harufu inasambaa mzinga mzima na kila nyuki anajua malkia yupo, kazi iendelee. Seli nazo ziko hivo hivo, moja inatoa kemikali, nyingine ina kipokezi kinachonasa ile kemikali, kikishanasa taarifa inaingia ndani mpaka kwenye jeni na jeni fulani inawashwa au inazimwa. Basi seli inagawanyika, au inatulia, au inabadilika kuwa ya aina nyingine, au inakufa. Kuna ujumbe unaotoka mbali kwa njia ya damu, hizo ndo homoni, na kuna ujumbe wa jirani kwa jirani ambao hauendi mbali. Shika hiyo tofauti ya mbali na jirani, mana saratani hii yote imekaa hapo.

Tezi inajengwa lini na nani anatoa amri?

Tumboni mwa mama, mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Wiki ya 8 hivi korodani za kijusi cha kiume zinaanza kutoa testosteroni, homoni kuu ya kiume, na kuanzia kama wiki ya 10 unaona vichipukizi vidogo vinatokeza kwenye mrija wa mkojo pale chini ya kibofu, vinaingia kwenye tishu laini inayouzunguka, vinarefuka, vinatoa matawi kama mche wa mwembe. Testosteroni yenyewe haimalizi kazi, kuna kimeng'enya kinaitwa 5-alfa-ridaktesi kinaigeuza kuwa DHT, homoni nyingine ya kiume ambayo inashika kipokezi kwa nguvu zaidi.

Alafu kuna ujumbe wa majirani. FGF10 inatoka kwenye ile tishu laini na inasukuma vichipukizi vikue, panya waliotolewa jeni hiyo hawaoti tezi dume kabisa. BMP4 yenyewe ni breki, inazuia vichipukizi visiwe vingi mno. Kuna Shh, ambayo jina lake limetokana na Sonic wa ile gemu ya kompyuta, hii inatoka upande wa vichipukizi kwenda kwa tishu laini, kwa hiyo mazungumzo ni ya pande mbili. Kuna Wnt na Notch zinazoamua seli ipi ibaki changa na ipi ikomae. Na kuna jeni ya NKX3.1 ambayo inawaka pale pale kichipukizi kitakapotokea hata kabla hakijaonekana, ni kama fundi aliyechora mstari chini kabla ya kuchimba msingi. Jina hilo litarudi huko mbele, lishike.

Umesema jirani ana maana kubwa, kwa nini?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na ni wachache wanaoniuliza. Mtafiti wa Marekani anaitwa Gerald Cunha alifanya kitu rahisi kukieleza ila kigumu kukifanya, alitenganisha tabaka mbili za tezi changa ya panya, tabaka la seli za ndani na ile tishu laini ya nje, alafu akawa anazichanganya upya anavyotaka. Akachukua tishu laini ya tezi changa akaiunganisha na seli za kibofu cha mkojo za panya mkubwa. Zile seli za kibofu, ambazo maisha yao yote zilishakuwa kibofu, zikageuka zikaanza kujenga tezi dume. Yaani jirani aliziambia kazi mpya na zikatii.

Kikafuata cha pili. Kuna panya wanaozaliwa na kipokezi cha homoni ya kiume kilichoharibika, kwao homoni ipo ila hakuna anayeisikia. Wakachukua seli za ndani za panya huyo asiyesikia, wakaziweka na tishu laini ya panya anayesikia, vichipukizi vya tezi vikaota. Wakageuza, seli za ndani zinazosikia na tishu laini isiyosikia, hakuna tezi iliyoota. Maana yake homoni haiongei na seli za ndani moja kwa moja wakati tezi inaanza kujengwa. Inaongea na jirani, jirani ndo anazipa seli za ndani amri ya kukua. Na jirani huyo huyo mtu akishakuwa mzima anazituliza.

Sasa saratani inafanya nini hapo? Inaruka foleni. Seli ya ndani inaanza kuisikia homoni yenyewe kwa kipokezi chake na kujiamuru ikue bila kumngoja jirani. Lugha ni ile ile ya tumboni, maneno ni yale yale, ila sa hivi seli inajisemesha yenyewe na inajijibu. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe, mana nilikuwa naifikiria saratani kama mdudu aliyeingia kutoka nje, kumbe ni amri ya kujenga iliyorudiwa wakati nyumba ilishaisha.

Kwa hiyo homoni za kiume ndo zinaleta saratani? Mwenye nyingi ndo yuko hatarini?

Zinailisha, ila kusema ndo zinaileta ni kurahisisha sana. Vijana wa miaka 20 ndo wana testosteroni nyingi na ugonjwa huu hauwashiki wao, unashika wazee. Na kiasi cha testosteroni kwenye damu hakitabiri vizuri nani ataugua. Kinachobadilika ni masikio ya seli.

Ila bila homoni tezi haikui, hilo ni kweli. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu watoto wa kijiji kimoja Jamhuri ya Dominika waliozaliwa wakaonekana kama wasichana, walipobalehe wakawa wanaume. Walikosa kile kimeng'enya cha kutengeneza DHT. Wakiwa watu wazima tezi zao zilibaki ndogo sana. Kutokana na ufahamu huo ikatengenezwa dawa ya finasteraidi, ikaruhusiwa Marekani 1992 kwa wanaume wenye tezi iliyokua. Ukiwa unaitumia mwambie daktari kabla ya kupima PSA, kipimo cha damu cha tezi nitakachokieleza chini, mana inashusha kipimo kwa karibu nusu, unaweza kuambiwa uko salama kumbe hapana.

Mzee wangu tezi imekua kwa uzee, itageuka saratani?

Haigeuki. Daktari John McNeal aliyeigawa tezi kwenye kanda alionyesha kwamba kukua kwa uzee kunaanzia kanda ya ndani inayozunguka mrija, ndo mana mkojo unakatika katika mapema, wakati saratani nyingi zinaanzia kanda ya nje upande wa nyuma, mbali na mrija. Kwa hiyo saratani inaweza kukaa miaka bila kugusa mkojo, na hilo ndo la kuogopa. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. McNeal huyo huyo ndo alipendekeza kwamba hata kukua kwa uzee ni ile amri ya tumboni imeamka upya, tishu laini inaanza tena kuita vichipukizi.

Ndani ya seli ya saratani kuna nini kimeharibika?

Vitu vingi na sio vyote kwa kila mgonjwa, nitataja vitatu. Kwanza ile NKX3.1 ya fundi wa mstari. Kwa mtu mzima kazi yake ni kuifanya seli ikumbuke kwamba ni seli ya tezi na itulie, na katika saratani nyingi za tezi dume nakala yake moja inapotea mapema sana. Pili ni PTEN, breki ya njia ya ukuaji inayoitwa PI3K na AKT, hii ikipotea ugonjwa unakuwa mkali na inapotea zaidi kwenye saratani iliyosambaa kuliko iliyobaki kwenye tezi. Hizi njia mbili, ya homoni na ya PI3K, zinabanana, ukiikandamiza moja nyingine inapanda.

Tatu iligunduliwa 2005 Michigan na kundi la Arul Chinnaiyan. Kromosomu inakatika inaungwa vibaya, swichi ya jeni ya TMPRSS2 ambayo kawaida inawashwa na homoni ya kiume inaishia mbele ya jeni ya ERG. Kuanzia hapo kila homoni ikija ERG inawaka na seli inasahau kutulia. Kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya inaonekana kwa karibu nusu, kwa wenye asili ya Afrika ni wachache zaidi, kwa hiyo tusiwe tunakaririshwa tu ya wenzetu, damu zetu na vinyama vyetu, yaani vipande vya tezi vinavyokatwa kupimwa, navyo visomwe.

Na majirani hawajaachwa nje. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba tishu laini iliyochukuliwa kando ya saratani ikiwekwa na seli za tezi ambazo zenyewe hazijafikia kuwa saratani inazisukuma zitengeneze uvimbe. Jirani aliyeharibika anaharibu.

PSA inapima nini hasa?

Ni protini ya kawaida ya tezi, kazi yake ni kuyafanya manii yawe majimaji. Inatengenezwa kwa amri ya kipokezi cha homoni ya kiume, na tezi ikivurugika inavuja kwenda kwenye damu. Kwa hiyo ikipanda inasema tezi ina shida, haisemi ni shida gani. Maambukizi yanaipandisha, kukua kwa uzee kunaipandisha, kuwekewa mpira wa mkojo kunaipandisha. Kinachothibitisha saratani ni kukatwa kinyama na kuangaliwa kwa hadubini. Na kipimo cha kidole, daktari anaipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, wazee wanakiona aibu, naelewa, ba'mdogo alikikataa mara mbili, ila ni dakika moja tu na inaangaliwa ile kanda ya nje niliyoisema.

Mbona wanataka kumtoa mzee korodani wakati ugonjwa uko kwenye tezi?

Swali hili lilitugawa kwenye ukoo. Kikao kilikaa usiku kucha, shangazi anasema wanataka kumharibu kaka yake, mwingine anasema ni mkono wa mtu, mzee mwenyewe kanyamaza. Nilieleza hivi. Sehemu kubwa kabisa ya testosteroni, zaidi ya asilimia 90, inatoka kwenye korodani. Saratani iliyoshasambaa kwenye mifupa huwezi kuikata yote kwa kisu, ila unaweza kuinyima ujumbe inaouishi. Ukizitoa, testosteroni inashuka ndani ya siku moja tu, na maumivu ya mifupa kwa wengi yanapungua haraka.

Sio kitu kipya wala hakijabuniwa kwa ajili ya maskini. Charles Huggins wa Chicago alionyesha mwaka 1941, pamoja na Clarence Hodges, kwamba kuondoa korodani au kutoa homoni ya kike kunaifanya saratani hii irudi nyuma, na 1966 akapewa Nobeli. Ni kati ya kazi za mwanzo zilizoonyesha wazi kwamba saratani ya mtu inaweza kutegemea ujumbe wa kemikali.

Ba'mdogo alisikiliza mpaka mwisho akauliza moja tu, "Nitalala?" mana alikuwa na miezi minne hajalala kwa maumivu. Alikubali asubuhi yake.

Hakuna sindano badala ya upasuaji?

Ipo, goserelini na jamaa zake, inachomwa kila siku 28 au kila wiki 12, inaunyamazisha ubongo usiziamuru korodani. Mwanzoni homoni inapanda kabla ya kushuka, ndo mana daktari anatanguliza vidonge kama bikalutamaidi kuzuia madhara. Ubaya wake ni gharama na kutoruka tarehe, na kwa mtu wa kijijini kutoka Kaliua au Sikonge kila mwezi sio mchezo. Yote mawili yana madhara yale yale: joto la ghafla, hamu ya tendo inaisha, misuli inapungua, mifupa inadhoofika. Mke aambiwe mapema, jamani, asije akadhani amechukiwa.

Kama dawa inanyima homoni, kwa nini ugonjwa unarudi?

Rudi kwenye mzinga. Mtoe malkia, ndani ya saa chache nyuki wanajua harufu haipo, wanachukua mabuu wachanga wanawalisha wawe malkia wapya. Wakikosa mabuu hata nyuki wa kazi wenyewe wanaanza kutaga. Seli za saratani nazo hazikai kimya. Nyingine zinaongeza vipokezi maradufu ili zinase hata tone dogo la homoni. Nyingine kipokezi chao kinabadilika umbo, kinawashwa hata na dawa iliyokusudiwa kukizuia. Nyingine zinatengeneza kipokezi kifupi kinaitwa AR-V7 ambacho ile sehemu ya kushikia homoni haipo kabisa na bado kimewaka muda wote. Na nyingine zinajipikia homoni zenyewe, au zinachukua ile kidogo ya tezi zilizo juu ya figo, hao ndo nyuki wa kazi wanaotaga. Kwa ugonjwa uliosambaa, ukitibiwa kwa kunyima homoni peke yake, mara nyingi unarudi ndani ya mwaka mmoja mpaka mitatu hivi.

Kwa muda mrefu madaktari waliuita ugonjwa "usiosikia homoni" kumbe unasikia sana, tena zaidi. Kugundua kosa hilo ndo kulileta abirateroni iliyoruhusiwa Marekani 2011, inayozuia kupikwa kwa homoni popote mwilini, na enzalutamaidi 2012, inayoziba kipokezi chenyewe. Kwa AR-V7 enzalutamaidi haina pa kushika.

Mgongo unahusianaje?

Seli zikitoka kwenye tezi zinapenda mifupa, hasa uti wa mgongo na nyonga, mana uboho umejaa ujumbe wa ukuaji. Zikifika zinaanza kuongea na seli zinazojenga mfupa, zinaziamuru zijenge ovyo, mfupa unakuwa mnene kwenye picha lakini hovyo kwa nguvu. Sisi tulidhani mgongo wa ba'mdogo ni wa kuinama kwenye tumbaku na moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, na kituo kimoja alichokuwa anaenda walimpa dawa za UTI karibu mwaka mzima bila kumgusa tezi. Mzee wa zaidi ya miaka 50 mwenye mgongo usiopona, unaouma zaidi usiku, apimwe. Na miguu ikianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au haja zikagoma, usisubiri kesho, uti wa mgongo unabanwa na kila saa ina maana.

Asali, mizizi, mbegu za maboga?

Asali kula kwa sababu ni tamu na ni yetu. Haizimi kipokezi. Hizo chupa za "tezi dume siku saba" sitazitetea, nimewaona wazee wawili waliokuja hospitali ugonjwa umeshafika kwenye mifupa baada ya kuzinywa miezi mingi.

Nianzie wapi huku?

Kituo cha afya kilicho karibu, alafu Kitete ambayo ndo hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikithibitishwa na ikahitajika mionzi wengi wa huku wanapelekwa Bugando Mwanza au Ocean Road Dar. Beba majibu yote ya karatasi, hasa ya kinyama, ba'mdogo tulirudia kipimo kwa sababu karatasi ilibaki Urambo.

Baba yangu anayo, mimi mtoto wake nifanyeje?

Mwenye baba au kaka aliyeugua hatari yake ni kama mara mbili ya mwingine, na asili ya Kiafrika nayo inaongeza. Kama kwenye ukoo kuna na saratani za matiti, sema, mana jeni ya BRCA2 ikiharibika inapita pande zote mbili, ya kike na ya kiume. Wengine wanaanza kuongea na daktari kuhusu kupima wakiwa na 50, wenye historia hiyo kwenye 45 au hata 40.

Mimi nina 46. Nilipima mwaka huu pamoja na binamu zangu watatu, watoto wa ba'mdogo, tulienda siku moja ili asikimbie mtu. Mmoja yake ilikuwa juu, ikaonekana ni maambukizi, katibiwa na atarudia baada ya wiki 6. Ba'mdogo ndo aliyetulipia nauli, kwa hela ya tumbaku.